Harambee ya akili jijini Austin

Ukifika Austin, mji mkuu wa jimbo la Texas huko Marekani, mwezi wa Julai, wa kwanza kukulaki ni joto. Aghalabu hupita nyuzi 35. Shuka barabara ya Congress kutoka jumba la bunge la jimbo, jengo la mawe mekundu lililokamilika mwaka 1888, hadi kwenye daraja. Subiri hapo jua lichwe. Popo wanaokadiriwa kufikia milioni 1.5 huishi chini ya daraja hilo, nao hutoka kwa pamoja kama moshi wa msitu unaoungua.

Watalii wengi huishia hapo. Mimi nakuomba ugeuke, urudi nyuma ya bunge hadi Chuo Kikuu cha Texas. Huko, kuanzia 2010 hadi 2023, wanasayansi na mafundi wa kompyuta walikutana kila kiangazi katika mkutano wa SciPy, isipokuwa 2020 na 2021 ambapo korona iliwalazimu kukutana kwa intaneti.

Hotuba zilipokwisha, baadhi yao hawakufunga virago. Walibaki siku mbili kwa kile walichokiita mbio fupi. Wewe na mimi tungekiita harambee, ila hapa hawachangi pesa bali akili.

Asubuhi, wasimamizi wa programu husimama mmoja mmoja na kueleza kazi iliyolala: kasoro hii, maelezo yale yasiyoeleweka. Kila mtu huchagua meza. Mgeni hupewa kazi ndogo, pengine kusahihisha sentensi moja tu. Akimaliza, mzoefu huikagua kabla haijaingizwa. Programu zenyewe ni huria: yeyote anaweza kuzitumia bila malipo, kuzisoma na kuzirekebisha.

Huenda ukauliza, kuna haja gani ya kujisumbua hivyo bila ujira? Nisikilize.

Julai 2012, John Hunter alihutubia mkutano huo. Alikuwa mtafiti wa ubongo aliyeshughulikia kifafa jijini Chicago. Alipokosa chombo kilichomfaa cha kutazamia mawimbi ya ubongo wa wagonjwa, alijiundia chake, na mwaka 2003 akakitoa bure kwa walimwengu. Ndicho matplotlib, programu ya kuchora grafu. Aliporejea nyumbani kutoka Austin, madaktari walimgundua na saratani. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo alifariki akiwa na umri wa miaka 44, akaacha mjane na mabinti watatu.

Hebu fikiria. Iwapo chombo kile kingekuwa siri ya mtu mmoja, kingezikwa naye. Lakini mikono mingi ilikuwa imekwisha kukizoea, mingine katika meza zizo hizo za Austin. Kazi haikulala. Mnamo Aprili 10, 2019, dunia ilipoonyeshwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo umbali wa miaka ya nuru milioni 55, matplotlib ilikuwa miongoni mwa zana zilizotumiwa na wanasayansi hao.

Usidhani wenye kazi hii wanaogelea katika utajiri. NumPy, programu ya hesabu ambayo matplotlib yenyewe huitegemea, haikupata ufadhili wake maalumu hadi mwaka 2017. Kabla ya hapo ilisukumwa zaidi na watu waliojitolea, wengi wao usiku, baada ya kazi za mchana.

Kwako mwanafunzi: huhitaji nauli ya Texas. Ukiwa na kompyuta na intaneti hapo Nairobi au Kisumu, mlango u wazi. Anza na sentensi moja iliyokosewa. Nawe mzazi, ukimwona mwanao ameinamia kompyuta usiku wa manane, muulize kwanza anatengeneza nini kabla ya kumgombeza.

Wahenga hawakukosea: kidole kimoja hakivunji chawa.