Premio ya mzee na chumvi ya Tiwi

Wikendi nilikuwa Tiwi, chini ya Premio ya mzee ya mwaka 2006, ile inayompeleka mama kliniki Msambweni. Injini yake ya 1NZ-FE haina neno. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda. Lakini taa ya injini ilikuwa ikiwaka na kuzimika, na fundi akataka kubadilisha kompyuta nzima!

Nikachomeka laptopu. Mara kosa la sensa hii, mara ya ile. Sensa zote zife siku moja? Nikafuata waya wa athi mpaka kwenye bodi: kutu tupu. Upepo wa bahari huo. Nikakwangua, nikapaka grisi, taa ikazimika.

Mzee kafurahi, haiuzi ng'o. Sijamwambia nilichokiona sakafuni, chini ya zulia.