Ua la Wavumaji

Katika miaka ya mwisho ya 1980, mtu aliyetamani kumwona ndege mvumaji mwenye utosi wa zambarau ndani ya Marekani alielekezwa, na kila mjuzi wa ndege mjini Tucson, aende Patagonia, mji mdogo wa Arizona ulio karibu na mpaka wa Meksiko, aitafute nyumba ya Wally na Marion Paton, kisha aingie uani mwao, aketi, na angoje. Mimi, niliyelelewa Tanga katika desturi ya kwamba mlango wa mtu hauvukwi ila kwa hodi na jibu lake, nilisimama langoni kwa haya, hata mzee mmoja, mgeni kama mimi, aliyekwisha keti kitako na darubini yake mapajani, akaniashiria kwa mkono niingie.

Wenye nyumba hawakudai kiingilio. Palikuwa na kopo lililofungwa kwenye uzio, na aliyependa alitia fedha kidogo za kununulia sukari, maana chupa za maji matamu zilizotundikwa zilikuwa nyingi na wanywaji wake hawakujua kushiba. Kipimo kilikuwa kile kile kinachotumika hata leo: sehemu moja ya sukari kwa sehemu nne za maji, bila rangi wala asali.

Watu wa Pwani wakimwona mvumaji hudhani ni jamaa ya chozi wetu, kwa kuwa wote wawili hung'aa kama lulu na wote hutafuta utamu wa maua. Walakini nasaba zao ziko mbali, na wavumaji hawapatikani porini nje ya mabara ya Amerika. Chozi wa mkomamanga wa nyumbani kwetu aghalabu hutua tawini ndipo anywe. Mvumaji husimama hewani, mbawa zake zikipiga upesi hata jicho lisipambanue kitu, naye huweza kurudi kinyumenyume apendapo. Nilimwona yule wa utosi wa zambarau kwa umbali wa mkono: tumbo jeupe pasipo doa, mdomo mwekundu wenye ncha nyeusi, na ulimi mwembamba, uliogawanyika nchani, ukitoka na kurudi mara nyingi kabla sijavuta pumzi. Kisha akaja mvumaji mwekundu, mwenye uzito wa gramu 3 hivi, msafiri wa kutoka pande za Alaska, akamfukuza kwa ghadhabu ya simba.

Nilizoea kurudi huko kila mvua za kiangazi zilipoanza, yaani Julai na Agosti, na njiani nilijifunza jangwa la Sonora, ambalo ni karimu kuliko lidhaniwavyo na wapitao haraka. Kigong'ota wa Gila hutoboa shimo katika mpungate mkubwa uitwao sagwaro, nao mti hutengeneza kovu gumu kuzunguka jeraha, hata pawe na chumba kikavu ndani ya shina lililojaa maji. Kigong'ota akiisha kuhama, kibundi mdogo kuliko bundi wote wa dunia hurithi chumba hicho na kulea watoto wake humo.

Wally Paton alifariki mwaka 2001, na Marion mwaka 2009. Sisi tuliozoea ua ule tulishikwa na hofu kubwa, kwani nyumba ni mali, na mali huuzwa. Asiyependa wageni angeweza kulifunga lango siku moja na asiwe na lawama kisheria. Mwaka 2014 jumuiya ya watazamaji wa ndege ya Tucson, iliyojulikana wakati huo kwa jina la Tucson Audubon, ikaichukua nyumba kwa msaada wa wahisani, na lango likabaki wazi. Nilishukuru kwa dhati, na bado nashukuru, ijapokuwa ukarimu wa mke na mume katika ua wao wenyewe una ladha ambayo jumuiya, hata iwe njema vipi, haiwezi kuirithi.

Badiliko lililonigusa zaidi, hata hivyo, ni la ardhi yenyewe. Zamani macho yetu yote yalikuwa kwenye chupa. Na chupa zina nguvu, hapana shaka: mvumaji wa Anna, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 maskani yake yalikuwa California na Baja California, alifuata sukari na maua ya kigeni ya bustani za watu mpaka akaenea kusini mwa Arizona na, kaskazini, British Columbia, naye leo hujenga kiota Tucson katikati ya baridi. Lakini sukari peke yake hailei kinda. Mama humlisha wadudu na vibuibui, na hao hutaka miti, na miti hutaka maji. Kwa hiyo nafurahi nionapo uani pale vichaka vya asili vikipandwa, na nafurahi zaidi kwamba jirani yake kuna hifadhi ya kijito cha Sonoita, iliyowekwa tangu 1966, ambako mipopla mirefu bado inakunywa maji ya kijito. Visima vya Tucson vimekwisha kuteremsha maji ya ardhini hata misitu ya kando ya mto Santa Cruz ikakauka, nami nisingependa Patagonia ipitie njia hiyo. Sadaka yangu siku hizi huitoa kwa ajili ya miche na kijito. Sukari, najua, haitakosa mnunuzi.