Waraka wa Gitaa

Seremala aliyekubali kuniundia gitaa la umeme hapa Tunduma ameunda milango, vitanda na makabati kwa miaka mingi, ila gitaa hajapata kuliunda. Alinipa sharti moja: nimwandikie kila ninachokitaka, kwa Kiswahili, akisome peke yake karakanani pasipo kunipigia simu kila saa. Sharti lilikuwa la haki. Fedha ninayomlipa ni ya misimu miwili ya kahawa yangu ya Mbozi, na mninga ukishakatwa vibaya haurudi kuwa ubao. Kila neno katika waraka ule lilikuwa na bei.

Sehemu kubwa ya chombo chenyewe haikunisumbua. Kiswahili kinalitazama gitaa kama kiumbe: lina kichwa, lina shingo, lina mwili. Shingo nilitaka iwe ya mninga ulionyooka nyuzinyuzi zake na kukauka barabara. Huku kwetu mvua huanza Novemba ikaenda hadi Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu na baridi. Mti hunywa maji na kuyatoa, na shingo hupinda pamoja nao. Maseremala huusifu mninga kwa sababu haubadiliki umbo ovyo. Hata hivyo nyuzi sita zikishakazwa huivuta shingo kwa uzito unaozidi kilo 40, kwa hiyo ndani yake sharti upite ufito wa chuma unaoweza kukazwa na kulegezwa kwa spana ndogo. Niliuita uti wa chuma. Seremala hakuuliza swali.

Ubao wa juu ya shingo, pale vidole vinapokanyaga, niliandika uwe wa mpingo. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na kwa karne nyingi umekuwa ukisafirishwa nje. Leo ndio mti wa klarineti za okestra za Ulaya. Nilipenda kipande kimoja kibaki nyumbani kiimbe.

Kazi ilianza kwenye vile vipande vya waya vinavyoukata ubao huo kwa upana. Wanamuziki wetu huviita freti. Kwa seremala, freti si kitu. Nikaandika vipago, kama vya ngazi, kwa kuwa mkono hupanda na kushuka juu yake hatua kwa hatua. Jina hilo alilishika mara moja, na kwa kulishika vizuri mno akaja na swali ambalo hakuna mpiga gitaa aliyewahi kuniuliza: vipago vya ngazi huachana sawasawa, mbona hivi vinazidi kukaribiana?

Jibu lake ni hesabu, na ni hesabu ya kupendeza. Urefu wa uzi unaotoa sauti, kutoka kizingiti kilicho chini ya kichwa hadi darajani, niliuchagua uwe milimita 648. Ugawe urefu huo kwa 17.817, upate milimita 36.4, hapo ndipo pa kipago cha kwanza. Urefu uliobaki ugawe tena kwa namba ileile, upate 34.3, na hicho ndicho cha pili. Ukiendelea hivyo, kipago cha 12 kitaangukia milimita 324, nusu kamili ya uzi, na sauti itakuwa ileile ya uzi mtupu iliyopanda oktavu moja. Kwa hiyo mapengo hupungua kwa kanuni isiyobadilika. Wasomaji wa ukurasa huu wataona kwa nini nilifurahi: ni mizani. Mshororo uliopungukiwa na silabi moja hujulikana na sikio kabla ya kuhesabiwa, na kipago cha 12 kikienda kando milimita mbili tu, sikio litalalamika kabla rula haijatolewa. Nilimwandalia jedwali la vipago vyote 22, nikasisitiza kila kimoja kipimwe kutoka kizingitini, si kutoka kwa jirani yake, ili kosa dogo la mwanzo lisirithiwe hadi mwisho.

Kizingiti chenyewe kilichukua ukurasa mzima. Hapa ndipo palipo hitaji ambalo bila hilo ningenunua gitaa lolote la dukani. Katika rumba ya Kongo kuna gitaa linalokaa kati ya solo na rizimu, nalo huitwa kwa Kifaransa mi-composé. Hufungwa hivi: uzi wa nne, ambao kwa kawaida ni mnene, huondolewa, mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaopandishwa oktavu moja juu. Matokeo yake ni sauti inayometameta katikati ya bendi, kama mtu anayechekea ndani ya sentensi. Muziki wetu wa dansi una deni kubwa kwa rumba hiyo. Orchestra Maquis yenyewe ilitoka Kongo ikaweka makao Dar es Salaam miaka ya 1970. Mimi hupiga gitaa la pili kwenye kwaya Jumapili na kwenye harusi Jumamosi, na ninataka sauti zote mbili katika chombo kimoja. Lakini mfuo uliochongwa kwa uzi mnene humwacha uzi mwembamba akicheza na kulia ovyo. Kwa hiyo niliagiza vizingiti viwili vya mfupa, kila kimoja na mifuo yake, visivyogundishwa, vishikwe na mkazo wa nyuzi tu. Seremala aliona ni anasa. Ndiyo anasa pekee niliyoitetea kwa ukali.

Wala kujiundia si ajabu katika upande huu wa nchi. Vuka mpaka hapo Nakonde uende vijijini Zambia, utakuta vijana wenye magitaa ya kuchonga wenyewe wanayoyaita banjo, ndiyo yaliyoulea muziki wa kalindula.

Kichwani niliagiza pasiandikwe kitu. Seremala alijitolea kunichorea jina la kampuni maarufu ya Marekani, bure, kwa kuwa wateja hulipenda. Nilikataa. Akiandike chake, nyuma ya shingo.

Neno lililonishinda ni pikapu. Aliposoma kwamba gitaa liwe na pikapu mbili, alicheka hadi wapita njia wakageuka. Katika mji wa malori kama huu, pikapu ni gari la kubebea viazi. Wengine husema maiki, nami siafiki, kwani maiki husikiliza hewa. Hiki ni sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake huvuruga uga wa sumaku, na umeme mdogo huzaliwa. Tatizo ni kwamba hunasa pia mngurumo wa umeme wa ukutani, ule wa hezi 50, unaosikika wazi padri au mchungaji anaponyamaza kuomba. Dawa yake ilipatikana mwaka 1955 kwa Seth Lover wa kampuni ya Gibson: koili mbili ubavu kwa ubavu, zenye mizunguko na sumaku zilizogeuziana, hivyo mngurumo hujifuta na sauti ya uzi hubaki. Hizo ndizo nilizotaka. Nimeziita kinasa pacha. Pacha napenda, kinasa kinanitia shaka, kwa sababu kinasa sauti tayari ni chombo kingine, na hiki hakitunzi chochote. Mwenye neno bora aniletee.

Mwili umeshakatwa na shingo inakauka chini ya benchi. Vinasa viko njiani kutoka Dar es Salaam. Nafasi zake mbili zimechimbwa tayari, na katika waraka neno hilo nimeliandika kwa penseli.