Schweinfurth kwa Mfalme Mbunza

Stanley tunamfundisha kila mwaka, lakini Georg Schweinfurth wanafunzi wetu hawamjui. Na huku msituni kuna mti wenye jina lake: Canarium schweinfurthii, ule mti mkubwa ambao utomvu wake mkavu wazee waliuwasha usiku kama taa.

Alizaliwa Riga mwaka 1836 katika jamaa ya Wajerumani, wakati mji ule ulikuwa chini ya Urusi. Alisomea mimea, na kilichomleta Afrika ni majani, si vita wala dini. Mwaka 1869 alipanda mto Nile, akaendelea pamoja na wachuuzi wa pembe kutoka Khartoum. (Tusisahau, wale walichukua pia watumwa.) Machi 1870 alifika mto Uele, halafu kwa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu, katika Haut-Uele ya leo. Alizani ule mto unaelekea ziwa Chad. Kumbe unaingia Ubangi, na Ubangi katika mto Congo.

Mimi napenda kurasa zake juu ya baraza la Mbunza: jumba la rafia, urefu karibu mita 45, na mfalme mwenyewe akicheza mbele ya wake zake. Visu, viti, ngoma, vyote alivichora vizuri sana, na mwaka 1875 akavitoa katika kitabu Artes Africanae. Fundi wa leo anayetaka kujua kazi za babu zake anaweza kujifunza pale.

Desemba 1870 kambi iliungua, vipimo na maandiko mengi yakateketea. Basi, njia ya kurudi akaipima kwa kuhesabu hatua zake, moja moja, zaidi ya milioni. Uvumilivu wa namna hiyo, lazima tuusifu.

Lakini kuna kurasa zinazochoma. Alinunua mafuvu ya watu kwa shaba, akayatuma Berlin. Na kijana mmoja wa watu wa msitu, wale aliowaita Akka, alimpata kwa Mbunza kwa kutoa mbwa wake mmoja. Mtu kwa mbwa! Jina lake Nsewue. Schweinfurth alimlisha, alimvika, akataka kumpeleka Ulaya kusudi wenye elimu wamwone.

Mbunza aliuawa mwaka 1873. Schweinfurth alikufa mwaka 1925, kaburi lake liko ndani ya bustani ya mimea ya Berlin. Nsewue hakufika kule: alikufa kwa kuhara damu mwaka 1871, njiani, katika mji wa Berber kando ya Nile.