Uswisi haina bahari, lakini maji yake hufika bahari nne

"Mama, kwa nini wameifunika barafu blanketi?"

Binti yangu ana miaka tisa. Tulikuwa karibu na kipito cha Furka, mita 2,429 juu ya usawa wa bahari, na mbele yetu barafu ya mto Rhone ilikuwa imevikwa vitambaa vyeupe, vingine vimeshachanika. Kwake blanketi ni la kumpa mtu joto, basi hapa lina kazi gani? Nikamkumbusha boksi la muuza aiskrimu: linazuia joto la nje lisiingie. Weupe nao hurudisha mwanga wa jua. Wenyeji hufanya hivyo kulinda pango wanalochonga ndani ya barafu kwa ajili ya watalii.

Katika miaka ya 1850 barafu hii ilishuka hadi bondeni Gletsch. Sasa imerudi juu mlimani, na mguuni pake pamebaki ziwa.

Uswisi haina visima vya mafuta. Chumvi ipo, huko Bex wanaichimba ardhini tangu karne ya 17. Lakini mali yake kubwa ni maji. Zaidi ya nusu ya umeme wake hutokana nayo, na bwawa la Grande Dixence lina ukuta wa mita 285. Rhine huenda Bahari ya Kaskazini, Rhone Mediterania, Inn huingia Danube hadi Bahari Nyeusi, na Ticino huingia Po hadi Adria. Mzazi mwenzangu, chukua ramani, mwachie mtoto aifuate kwa kidole. Na ukienda huko, beba sweta hata Julai.

Barafu ikipungua, si mandhari tu inayoharibika. Mei 2025 mwamba na barafu viliporomoka na kukifukia sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla. Hata hivyo mtu mmoja alipoteza maisha. Hilo sikumwambia binti yangu siku ile.

Yeye alitumbukiza vidole kwenye kijito, akavitoa mbio.

"Tukienda pwani tutayakuta maji haya?"

"Hapana. Yanapita Ziwa Leman, halafu Ufaransa, yaishie Mediterania."

Akanuna kidogo, kisha akajaza chupa yake.