Git pull haikutosha

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu hivi, na wachache wenu wameniandikia kuuliza kama bado niko hai. Niko, hapa hapa Shieywe. Kilichoninyamazisha ni aibu, na leo nimeamua kuisimulia kwa sababu najua kuna mtu huko atalikanyaga shimo hili hili.

Mimi na mwenzangu aliyeko Kisumu tunatunza programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Msimbo wetu uko ndani ya Git, kile chombo cha kutunza historia ya mafaili alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Tuna repo mbili. Ya kwanza ni ya mfumo wenyewe: wanachama, mikopo, ripoti. Ya pili tunaiita malipo, nayo hupokea taarifa za pesa zinazolipwa kwa simu. Kwa kuwa malipo inatumika pia katika kazi nyingine, tumeiweka ndani ya ile ya kwanza kama sabumoduli, yaani repo ndani ya repo.

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nina digrii ya kompyuta lakini nilikosea vilevile. Repo ya nje haibebi msimbo wa repo ya ndani. Inabeba anwani yake, katika faili linaloitwa .gitmodules, pamoja na namba ya komiti moja tu. Ni kama daftari la duka lililoandikwa kwamba gunia namba fulani liko ghalani. Gunia lenyewe halimo daftarini. Ukibadilishiwa daftari, bado mtu lazima aende ghalani akabadilishe gunia.

Sasa kisa chenyewe. Taarifa ya malipo wakati mwingine hufika mara mbili, na programu yetu ilikuwa ikihesabu zote. Mwenzangu akarekebisha hilo ndani ya malipo, akasukuma, kisha akasukuma na repo ya nje ikiwa na namba mpya. Kazi safi. Ijumaa jioni nami nikavuta:

git pull

Git ikaleta kila kitu, hata komiti mpya za malipo. Ila mafaili yaliyo ndani ya folda ya malipo haikuyagusa. Yalibaki ya zamani, kwa sababu hiyo ndiyo kawaida yake usipoiambia vinginevyo. Nilipoangalia hali kwa git status, ikaniambia malipo imebadilika, na pembeni imeandika "new commits". Nikajisemea, naam, komiti mpya za jamaa zimefika. Kumbe maana yake ilikuwa kwamba folda yangu na namba iliyoandikwa kwenye repo ya nje haviafikiani! Nikamalizia ripoti niliyokuwa nikiitengeneza, nikaandika git commit -am, nikasukuma, nikaenda kula.

Hiyo herufi a huchukua kila faili linalofuatiliwa na lililobadilika. Ikachukua na namba ya zamani ya malipo, ikaiandika juu ya ile mpya. Hakuna mgongano, hakuna onyo. Kazi ya mwenzangu nikawa nimeifuta kimyakimya, na komiti yangu inasema "rekebisha ripoti".

Seva yetu nayo ni mtiifu. Yenyewe haiishii kwenye git pull. Huendelea na amri hii, ambayo ndiyo mimi nilipaswa kuitumia:

git submodule update --init --recursive

Ikasoma namba niliyoiandika, ikarudisha malipo nyuma kama ilivyoamriwa. Jumatatu asubuhi mwenyekiti akapiga simu. "Kijana wangu, kuna watu hapa wamelipa mara moja na kitabu kinasema mara mbili." Nikamwambia, "Mama, nipe saa moja."

Kwanza nikamlaumu mwenzangu. Moyoni tu, lakini nilimlaumu. Kisha nikaandika git log -p --submodule, na jina langu likatokea juu ya mstari wa malipo wenye neno "rewind" mwishoni. Chini yake kulikuwa na maneno ya komiti ya mwenzangu, na alama ya < mbele yake kuonyesha kwamba imeondolewa. Kurekebisha kulichukua dakika tano: kuingia malipo, kurudi kwenye komiti yake, kutoka nje, git add malipo, komiti, sukuma. Kusafisha hesabu za wanachama kulichukua siku mbili.

Tangu siku ile kompyuta yangu ina mipangilio hii:

git config --global submodule.recurse true
git config --global diff.submodule log
git config --global push.recurseSubmodules check

Wa kwanza, uliokuja na toleo la 2.14 mwaka 2017, hufanya git pull ibadilishe na mafaili ya ndani. Hauhusu kunakili repo mara ya kwanza. Hapo bado unahitaji git clone --recurse-submodules. Na mwenzako akiongeza sabumoduli mpya kabisa, bado utaandika ile amri ndefu yenye --init. Wa tatu hukuzuia kusukuma repo ya nje wakati komiti ya ndani iko kwenye laptopu yako peke yake.

Kuna wanaopenda --remote, inayochukua komiti ya mwisho kwenye tawi badala ya ile iliyoandikwa. Kwenye laptopu sawa. Kwenye seva ya pesa za watu, hapana.

Jambo jingine kwa wanaofufua miradi ya zamani. Sabumoduli nyingi za miaka ile ziliandikwa kwa anwani za git://, na GitHub ilizifunga moja kwa moja Machi 2022. Kohana, ile fremuweki ya PHP iliyotumiwa kujenga Ushahidi yetu ya hapa Kenya, nayo iligawa kiini na moduli zake katika repo tofauti kwa mtindo huu. Ukikwama hapo, badilisha anwani kuwa https:// ndani ya .gitmodules, kisha andika git submodule sync --recursive kabla ya kuvuta tena. Bila sync, Git itaendelea kwenda anwani ya zamani, maana huiweka nakala yake kando.

Wanachama walioguswa walikuwa 17. Mmoja alikuwa ameshaona deni lake limeisha na kuwaambia nyumbani. Huyo nilimpigia mwenyewe.

Mawingu yamefunga upande wa msituni. Napakia hii kabla mvua haijaanza na stima kupotea.