Moto Usiobaki Mwilini

Mwaka 2022 shangazi yetu alirudi kutoka Kigali, alikokwenda kutibiwa kansa, akakataa kuwapakata wajukuu. Alisema: «Nimechomwa kwa moto usioonekana, nisije nikawadhuru.» Nasi tulinyamaza, kwa kuwa hatukujua. Basi tukamwuliza daktari, akatueleza.

Ndani ya mtambo ule mna bomba la shaba lililonyoka. Mwanzoni mwake mna waya uliopashwa moto; humo hutoka elektroni, vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Mawimbi ya redio huzichukua elektroni hizo kama wimbi la ziwa lichukuavyo mtumbwi, yakizisukuma hata zikakaribia mwendo wa nuru. Aliyefaulu kwanza kuunda mtambo wa namna hii ni Rolf Widerøe, mtu wa Norwei, huko Aachen, Ujerumani, mwaka 1928: kwa kusukuma mara mbili kwa volti 25,000 alipata nguvu ya volti 50,000. Mwaka 1953 mgonjwa alitibiwa kwa mtambo kama huo mjini London.

Mwisho wa safari elektroni hugonga kipande cha madini ya tungsteni, na hapo hutoka mionzi mikali iuayo kansa. Umeme ukikatwa, mionzi imekwisha. Haibaki ndani ya mgonjwa, wala haiambukizi mtu.

Tulimweleza shangazi siku tatu. Siku ya tatu alinyosha mikono, akamwita mjukuu mdogo: «Njoo, mwanangu.»

Basi, ndugu, mgonjwa wa namna hii tusimkimbie.